Mshipa Gani

Shangazi yangu alikuwa mtu wa hasira hata kabla hajakatwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani ajali ndiyo iliyomharibu. Alikuwa na hasira na milango isiyofungika sawasawa, na watu wanaojibu swali kwa swali, na redio ya jirani. Ila hasira zake za kila siku zilikuwa za juu juu. Zinapanda, anazisema, zinashuka, anakukaribisha chai. Hii ninayotaka kuisimulia ilikuwa nyingine. Ilikaa ndani, ikanyamaza, ikafanya kazi.

Yeye ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kukata nyama. Si bucha la mtaani. Ni kiwanda kilichopakana na machinjio. Chumba kirefu, kuta za vigae vyeupe, baridi ya kukausha pua, watu ishirini na watatu wamesimama pande mbili za meza za chuma, na nusu za ng'ombe zikiletwa kwenye ndoano kutoka chumba cha nyuma. Alisimama hapo miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Wembe. Wageni walidhani ni kwa sababu ya mkono wake, lakini waliomzoea walijua ni kwa sababu ya mdomo.

Ukimwambia kwamba kazi yake ni kukata nyama tu, alikupandishia. "Nyama yenyewe haina shida, ni laini kama godoro," alisema. "Kazi iko kwenye vile vinavyoifunga. Ukijua vimefungwa wapi, kisu kinapita chenyewe."

Nilikuja kumwelewa mwaka wangu wa kwanza chuo cha uuguzi. Tulikuwa na mtihani wa tishu, nami nilikuwa nazunguka jikoni na daftari mkononi, nikikariri: tishu unganishi legevu, tishu ya mafuta, tishu unganishi ngumu, gegedu, mfupa, damu. Kazi zake: kuunganisha, kushikilia, kulinda, kuhifadhi nishati, kusafirisha.

"Unaimba nini?" aliniuliza.

"Nakariri, shangazi."

"Unakariri kitu ambacho hujakiona."

Kesho yake alirudi na mguu wa ng'ombe ndani ya mfuko, kuanzia gotini kwenda chini, ngozi bado iko juu yake. Akatandika magazeti mezani, akakaa, akaanza. Aliingiza ncha ya kisu chini ya ngozi, akainua utando mwembamba unaong'aa, unaovutika kama utando wa buibui uliolowa.

"Huu ndio mnaouita legevu?"

"Nadhani."

"Usidhani, angalia. Unaishika ngozi isianguke, lakini unaiacha iteleze. Bana ngozi ya mkono wako uivute. Umeona? Ingegandishwa moja kwa moja kwenye nyama ungeweza kukunja kiwiko?"

Akanionyesha mafuta, manjano, yamejikusanya nyuma ya kifundo. Yale ni mto wa kupokea kishindo na ni akiba ya siku ya njaa. Akanionyesha ukano, mweupe, mgumu, mrefu kuliko nilivyofikiri. "Huu unashika msuli kwenye mfupa. Nyuzi zake zote zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Uvute kwa urefu uone kama utakatika." Nilivuta, kwato zikajikunja chini kama zilizo hai, nikaachia haraka. Akacheka. Kisha akanifungulia goti, akanionyesha kano nyingine fupi fupi zinazoshika mfupa kwa mfupa, ambazo mwalimu wangu aliziita ligamenti, na gegedu iliyofunika kichwa cha mfupa, nyeupe na laini kama sabuni iliyotumika. Alisema kitu hicho hakina damu hata tone, ndiyo maana kikichakaa hakirudi.

Nilipomwambia kwamba mfupa nao uko kwenye kundi hilohilo, alikubali shingo upande. Nilipofika kwenye damu alikataa kabisa.

"Damu inaunganisha nini? Damu inamwagika."

Nilimweleza kwamba tishu hizi zote zina tabia moja: chembe hai chache zimetawanyika ndani ya kitu ambacho si chembe. Kwenye ukano kitu hicho ni nyuzi za kolajeni, kwenye mfupa ni chokaa na nyuzi, kwenye damu ni maji. Na damu inaunganisha kila kiungo na kingine kwa kuvipelekea chakula na hewa.

"Mwalimu wako hakujua pa kuiweka, akaitupia humo," alisema. Lakini mtihani nilifaulu vizuri, na aliwaambia watu kiwandani kwamba alinifundisha yeye. Hakukosea.

Sasa nije kwenye glavu. Mkataji hushika kisu kwa mkono mmoja na nyama kwa mkono mwingine, na huo wa pili sharti uvae glavu ya chuma, iliyofumwa kwa pete ndogo ndogo. Ya shangazi ilikuwa imefumuka chini ya kidole cha pete, tundu la kupitisha ncha ya kisu bila taabu. Aliripoti mara tatu. Msimamizi wao alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe lisilowahi kuwa na doa; mbele yake walimwita bosi, nyuma yake walimwita Koti. Mara ya kwanza Koti alisema glavu mpya zimeagizwa. Mara ya pili alisema ziko njiani. Mara ya tatu alimwambia, "Wewe una miaka kumi na tisa hapa. Wewe utajikata?"

Alijikata Jumatatu kabla ya adhuhuri, akitoa mfupa wa bega. Kisu kiliteleza juu ya mfupa, ncha ikaingia palepale penye tundu.

"Niliusikia unakatika," aliniambia baadaye. "Unaujua ule mlio? Hujui. Mimi naujua."

Ndani ya uzio wa kiwanda kulikuwa na zahanati: chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati la dawa, na tabibu. Tabibu aliosha jeraha, akapiga ganzi, akashona nyuzi tano, akafunga bandeji. Shangazi alimwambia kidole hakikunji. Akajibiwa, "Umepigwa ganzi mama, kitakunja vipi?" Jibu hilo lilikuwa na akili, kwa hiyo alinyamaza, akaja nyumbani.

Mimi nilikuwa likizo. Asubuhi yake alikaa mezani, akalaza mkono wa kushoto kiganja kikiangalia juu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vya mtu yeyote aliyepumzisha mkono. Isipokuwa cha pete. Hicho kilinyooka kama kinaonyesha mtu.

"Ganzi imekwisha tangu jana," alisema. "Angalia. Nakikunja."

Niliona misuli ya mkono ikicheza chini ya ngozi, karibu na kiwiko. Kidole hakikutikisika.

Nami nikasema, Mungu anisamehe, kwa sauti ileile tuliyofundishwa ya kutuliza wagonjwa, "Tulia shangazi, utakuwa uvimbe. Ngoja siku kadhaa."

Aliniangalia. "Ukano nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Na kungoja nani kakufundisha?"

Jumatano alirudi zahanati. Nilimsindikiza. Tabibu alifungua bandeji, akaangalia nyuzi, akaridhika nazo. Kidonda kilikuwa safi kweli. Kisha akasema, huku akiandika, "Mshipa umeshtuka tu."

"Mshipa gani?" shangazi aliuliza.

"Mshipa, mama. Wa kidole."

"Nina mishipa ya damu, nina mishipa ya fahamu, na nina kano. Nakuuliza ni upi kati ya hiyo."

Kusema kweli neno hilo tumelibebesha mizigo mingi mno. Kinachopitisha damu ni mshipa, kinachopeleka maumivu ni mshipa, kinachovuta kidole ni mshipa, hata ngiri ni mshipa. Mgonjwa akiambiwa mshipa hajaambiwa kitu. Na tabibu alilijua hilo; ndiyo maana alilitumia.

Aliinua kichwa, akatabasamu. "Umesomea wapi, mama?"

"Mezani."

Akacheka, akampa vidonge vya maumivu, akamwambia atafute mpira mdogo awe anaufinya. Hakukishika kidole. Hata mara moja hakukishika.

Ijumaa alikwenda kwa Koti kuomba apelekwe hospitali kubwa. Utaratibu ulikuwa kwamba hospitali ile haipokei mfanyakazi wa kiwanda bila barua ya tabibu, na Koti alisema tabibu ameshasema hakuna tatizo. Kisha akamuuliza kama Jumatatu atakuwa kazini.

Alirudi nyumbani bila kupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Aliosha vyombo kwa mkono mmoja, sahani moja baada ya nyingine, akizipanga polepole, na alipomaliza akazipanga upya. Nilimwita akaitika vizuri, kwa adabu, kama mgeni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda maktaba ya chuo. Nilisoma kwamba ukano uliokatika haubaki mahali pake. Ncha yake ya juu huvutwa na msuli ikarudi ndani ya kiganja, hata karibu na kifundo cha mkono. Na siku zikipita hunyauka, na njia iliyokuwa inapita huziba. Unatakiwa kushonwa siku za mwanzo. Wiki mbili zikipita, kazi inakuwa kubwa na matumaini yanakuwa madogo. Nilinakili ukurasa wote, nikamsomea jikoni.

"Leo ni siku ya tano," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe uliniambia ningoje."

Niliikunja karatasi. Hakujaribu kunipunguzia uchungu.

Jumatatu tabibu hakuwepo, alikuwa kwenye semina. Jumanne tulimkuta. Foleni ilikuwa na watu sita, wote wa kiwandani, nasi tulisubiri zamu yetu. Shangazi alikuwa amebeba mfuko mweusi. Mimi nilijua kilichomo, kwa sababu jana yake aliniagiza nikipokee getini kwa mwenzake, na njia nzima nilimwomba asifanye alilotaka kufanya. Alinijibu mara moja tu: "Wewe utashika. Huna haja ya kusema."

Tuliingia. Aliweka mguu wa ng'ombe juu ya meza ya tabibu, juu ya gazeti, kwa heshima. Ngozi alikuwa ameshaitoa. Ukano ulikuwa wazi, mweupe.

"Mama, hiki ni nini?" tabibu aliuliza.

"Shika," aliniambia mimi. Nilishika. Akavuta ukano kwa mkono wake mzima, kwato zikajikunja. Akaachia, zikanyooka. Akavuta tena. Mlango ulikuwa wazi na watu wa foleni walikuwa wamesogea. Mmoja wao alicheka. Kisha shangazi alitoa kisu kidogo kwenye mfuko wa gauni, akaukata ukano mara moja, na mlio wake niliusikia. Akanipa ncha ya juu.

"Vuta."

Nilivuta. Kwato hazikutikisika.

"Sasa, daktari," alisema, "kwato hii imeshtuka? Iambie ifinye mpira."

Mlangoni hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliweka mkono wake wa kushoto mezani kando ya mguu ule, kidole cha pete kimenyooka, akasubiri. Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo.

Tabibu alikuwa amesimama. Uso wake ulibadilika rangi. "Utaondoa uchafu huu mezani kwangu."

"Nitauondoa ukishaandika."

"Nitamwita mlinzi."

"Mwite."

Mlinzi alikuja, mzee wa makamo mwenye rungu asilowahi kulitumia. Aliangalia mguu, akaangalia kidole, akamwangalia tabibu. "Daktari," alisema, "si umwandikie tu."

Tabibu aliandika. Alisukuma karatasi kwenye meza bila kutuangalia. Nje, ngazini, shangazi aliifungua akaisoma. Ilisema: *Mgonjwa anadai ukano umekatika. Ni mkali na hashauriki.* Nilidhani ataichana. Aliikunja mara mbili akaiweka kifuani.

"Hilo la ukali hajaandika uongo," alisema.

Hospitali kubwa tulifika Jumatano, siku ya tisa. Daktari bingwa wa mikono alikuwa mwanamke mfupi, miwani imepandishwa juu ya nywele. Alivishika vidole vingine vya shangazi akavinyoosha, akamwambia akunje kile cha pete. Kisha akashika kiungo cha katikati, akamwambia akunje ncha. Haikuchukua hata dakika moja.

"Kano zote mbili zimekatika," alisema. "Kila kidole kina mbili upande wa kiganja. Moja inakunja katikati, nyingine inakunja ncha. Hii ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

Alisoma barua, akaiweka mezani kifudifudi. "Nani alikwambia ni ukano?"

"Niliusikia."

Daktari hakucheka. Alimuuliza kazi yake, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la kutosha. Akamweleza mambo kama anavyoelezwa mtu mzima. Ukano una damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Na mwili unapojitengeneza hauchagui. Unamwaga nyuzi za kovu kila mahali palipojeruhiwa, kwenye ukano na kwenye ala inamopita, mpaka vyote vinaweza kugandamana kuwa kitu kimoja. Hapo ukano unakuwa mzima lakini hautelezi. Dawa yake ni kuutikisa kidogo kidogo kila saa, bila kuuvuta ukakatika tena. "Kazi yangu mimi ni saa mbili," alisema. "Yako ni miezi mitatu."

Alimpasua Alhamisi. Ncha za juu alizikuta katikati ya kiganja.

Miezi ile mitatu sitaisimulia yote. Mkono ulikaa ndani ya gango, ganda gumu la kuushikilia, vidole vimeinamishwa, na kila saa shangazi alivikunja kwa mkono mwingine na kuvinyoosha mpaka gango lilipomzuia. Alifanya mazoezi kama anayelipiza kisasi. Mwishoni kidole kilikunja katikati vizuri, ncha kidogo, na kikifika karibu na kiganja kilikwama, umbali wa unene wa vidole viwili. Daktari alisema ni matokeo mazuri kwa siku ya kumi. Shangazi akamuuliza, na kama ingekuwa siku ya kwanza? Daktari akasema pengine kingefunga chote.

Neno hilo *pengine* lilimkaa rohoni. Alinifanya niandike barua kwa uongozi wa kiwanda, ukurasa mmoja, yeye akisema mimi nikiandika: tarehe alizoripoti glavu, aliyoambiwa kila mara, siku aliyokatwa, siku alizorudishwa. Hakuniruhusu kuweka neno *tafadhali*. Haikujibiwa.

Alirudi kazini mwezi wa tano tangu ajikate. Walitaka kumweka kwenye kufungasha, akasema atafungasha, lakini kwanza angependa kuona glavu. Koti alitoa glavu mpya kumi na mbili kwa fahari. Watu ni ishirini na watatu. Shangazi akauliza chumbani, kwa sauti ya kawaida, nani ana glavu iliyotoboka. Mikono kumi na mmoja ikapanda.

"Basi sisi tukae," alisema, akageuza kreti akalikalia. Wale kumi na mmoja wakakaa. Baadaye kidogo wale wenye glavu nzima nao wakaweka visu chini, mmoja mmoja. Nusu za ng'ombe ziliendelea kuletwa kwenye ndoano mpaka zikagusana. Koti alipiga kelele, kisha akapiga simu, kisha akaondoka. Saa nne na nusu alirudi na boksi.

Boksi lilikuwa na glavu. Halikutoka dukani, lilitoka stoo, nyuma ya mapipa ya sabuni, lilikuwa likisubiri sahihi ya mtu. Mama mmoja wa mezani alisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akampa shangazi. Shangazi akaisoma, akamnyooshea Koti.

"Wasomee wenzangu tarehe."

"Wembe, tumeshazileta, tuendelee na kazi."

"Wasomee tarehe."

Akaisoma. Boksi lilipokelewa wiki tatu kabla ya Jumatatu ile aliyojikata. Shangazi aliniambia kwamba hapo ndipo ilipombidi aikalie mikono yake, yote miwili.

Koti alihamishiwa kitengo kingine, si kwa adhabu, kwa cheo. Tabibu yuko palepale. Mlinzi anasema siku hizi kila anayeingia, hata mwenye mafua, anaambiwa akunje vidole. Watu wengi hucheka wakisikia hivyo. Shangazi hacheki. "Angekuja akaniambia alikosea, ningecheka," anasema. Hajaja.

Mimi nilihitimu, nikaajiriwa. Wiki moja kabla sijaondoka kwenda kuanza kazi nilimfuata jikoni, nikamwambia kwamba siku ile nilipomwambia atulie nilikuwa nimeona alichokiona yeye, ila niliona aibu kumpinga tabibu. Nikamwomba radhi.

Alikuwa anamenya viazi. Alimaliza kile alichokishika, akakitumbukiza majini.

"Nimekusikia," alisema.

Hakusema amenisamehe. Alinisogezea kisu kingine na nusu ya viazi, nikakaa, tukamenya, yeye akiwa ameshika kiazi kwa mkono wa kushoto, kidole kile kimesimama kando kidogo ya vingine.